Siku Walipoyapima Maji ya Damu ya Mama

Kwetu Temeke damu ni mali. Mtu akiinuka akaona kizunguzungu, kabla hajakaa tena keshaletewa glasi ya rozela. Akijifungua, matembele. Akifeli Hesabu, kama nilivyofeli mie, anaambiwa damu haifiki kichwani, basi anakamuliwa bitiruti hadi anakojoa pinki. Nimeishi miaka yangu yote, na sasa nipo Kidato cha Tatu, sijawahi kusikia mtu analaumiwa kwa kuwa na damu nyingi. Ndiyo maana siku mama yangu alipokataliwa kuchangia damu kwa sababu anayo ya kuzidi, ukoo mzima ulijiona umetukanwa.

Alikwenda kumchangia binti wa mama mkubwa. Mama mkubwa ni dada yake mama, anakaa Kimara, na ukimsikiliza anavyoitaja utadhani Kimara ni nchi yenye bendera yake. Binti yake alikuwa anangoja kujifungua kwa upasuaji, hospitali ikataka ndugu waje kuweka damu ya akiba. Wajomba wote wakapata udhuru kwa mpigo. Mmoja ana vidonda vya tumbo, mwingine yuko safarini Kibaha, kama vile Kibaha ni ng'ambo. Mmoja anaogopa sindano, ila yeye alisema amefunga sunna. Mama akaiacha cherehani yake kule Keko, anakoshona vitambaa vya makochi kwenye banda la maseremala, akaenda. Mie nilikuwa likizo, nikamsindikiza kwa moyo safi kabisa, maana wanaochangia hupewa soda na biskuti, na mama soda hanywi.

Nesi akamtoboa kidole. Akaangalia kimashine chake, akatoboa kidole kingine, akamwita mwenzake, wakaangalia wote wawili kama watu waliookota simu.

"Mama, leo hutachangia," akasema. "Damu yako ni nzito mno."

"Nzito si ndiyo nzuri?"

"Imezidi kiwango. Inabidi umwone daktari."

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani. "Imezidi vipi? Kama imezidi si ndiyo mchukue?"

Hiyo ndiyo mara pekee katika sakata hili lote nilipokuwa upande wa mama mkubwa. Hata sasa naona lilikuwa swali la maana. Lakini alipotoka pale tu akaliharibu, akaanza kumwambia kila aliyempigia simu kwamba mdogo wake anajilia maini peke yake kwa siri.

Maini gani. Mama alikuwa akirudi Keko jioni kichwa kinamgonga, macho mekundu, uso umewaka moto, anajilaza sakafuni penye ubaridi kabla hata ya kuvua baibui. Sie tukisema ni vanishi. Pale bandani wanapiga vanishi kutwa, hata pilipili ya mama ntilie wao inanukia kochi.

Basi akapimwa tena, na tena, jibu lilelile. Ikaishia kwa daktari wa damu, baba mmoja mpole anayeongea kama anasoma tangazo la msiba redioni. Nilikuwepo. Mie ndiye mbeba mkoba wa mama, na mbeba mkoba huwa hafukuzwi.

"Damu ina sehemu mbili," akasema. "Kuna chembe nyekundu, na kuna maji yanayozibeba, tunayaita plazma. Tukikutoboa kidole tunaona uwiano tu. Uwiano ukipanda hivi, ama chembe zimeongezeka kweli, ama zipo zilezile ila maji yamepungua."

"Na kama zimeongezeka?" mama akauliza.

"Hapo tutafikiria ugonjwa wa uboho, kule kwenye mifupa damu inakotengenezwa. Ni aina ya saratani. Inakwenda polepole na ina matibabu, lakini ni saratani."

Mama akakaza mtandio wake kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Nitaendelea kushona?"

"Tujue kwanza ni kipi kati ya viwili. Unavuta sigara?"

Mama akacheka, pamoja na yote akacheka.

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari."

Akaandika. Kisha akasema kuna kipimo cha kuyapima yale maji yenyewe, lita kwa lita, bila kumtoa mtu damu yote. Wanakuchoma sindano ya protini kidogo iliyotiwa iodini yenye mionzi. Dawa hiyo inaletwa kwa ndege na inapungua nguvu yenyewe hata ikiwa imekaa tu chupani, kwa hiyo mgonjwa ndiye anayeingoja dawa. Yenyewe haimngoji mtu. Tungepigiwa simu.

Mama akatoka mbele yangu hadi getini. Ndipo akaniambia, "Baba yako asijue kwanza." Baba anaendesha malori ya Tunduma. Mama hakutaka awe na neno saratani kichwani kwenye ile milima ya njiani. Kwa hiyo tukabaki nalo sie wawili, na mie nalala naye kitanda kimoja baba akiwa safari, nikawa nasikia anavyogeuka. Nilikuwa na hasira na sikujua za nani. Mama yangu ameenda kutoa kitu chake bure, amerudi na tishio la saratani. Wajomba waliokimbia sindano walikuwa wazima wa afya, wanabishana mpira.

Simu ilipokuja, wakampa mama kwanza matone ya kunywa. Ni iodini ya kawaida, unatia kwenye maji, ni chungu, ina ladha ya msumari. Yule mtaalamu wa kitengo cha mionzi, kaka mmoja kijana aliyemwamkia mama shikamoo vizuri mpaka nikamsamehe koti lake lililochakaa, akatueleza kuwa shingoni kuna tezi linalopenda sana iodini. Likipishana na ile yenye mionzi, litaidaka. Sasa unalishibisha kwanza ya kawaida, hiyo nyingine ikija halina nafasi. Nikamwelewa hapohapo. Mama naye hutushindilia ugali nyumbani kabla hatujaenda shughulini kwa watu, ili tusije tukayatolea macho mapochopocho tukamwaibisha.

Chumba chenyewe kipo mwisho wa korido, mlango una alama ya njano inayotisha, ndani kuna kitanda cha kawaida tu na feni inayolalamika. Nilitegemea angalau moshi. Kaka akamlaza mama, akamwambia atulie kabisa kwanza, kwa sababu mtu akitoka kusimama au kutembea, maji ya mwilini huwa bado yanahama huku na huku. Mama akalala chali, miguu imemvimba kama kawaida yake. Sikumbuki kumwona mama amelala mchana kabla ya siku hiyo, labda alipokuwa anamzaa mdogo wangu.

"Kaka," nikasema, "atawaka?"

"Nani?"

"Mama. Usiku. Kwetu umeme unakatika sana, nataka nijue kama ninunue mshumaa au tumtumie yeye."

Mama akasema, akiwa amefumba macho, "Nikiinuka hapa utaniona."

Kaka alicheka, halafu akajibu kama nimeuliza la maana. "Hawaki. Dozi ni ndogo sana, inatoka yenyewe. Mtakula naye sahani moja, utamkumbatia, mtalala pamoja. Hakuna wa kumtenga."

Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu baadaye niliyahitaji.

Akamchoma mkono wa kulia. Kidogo tu, ungedhani ni chanjo. Halafu tukangoja ile dawa izunguke mwilini ichanganyike, ndipo akaanza kuchota damu kutoka mkono wa kushoto, kidogo, baada ya muda tena, na tena. Nikamuuliza anajuaje lita ngapi kwa kuchota vijiko. Akaniuliza, umewahi kuona sufuria la shughuli, lile la juisi ya watu mia? Nikamwambia mie ndiye huoshaga. Basi, akasema, hulijui linaingia kiasi gani. Tia kifuniko kimoja cha rangi, koroga, chota glasi. Rangi ikiwa imepauka sana, juisi ni nyingi. Ikiwa imekolea, juisi ni kidogo. Hii mionzi ndiyo rangi yetu, ila yenyewe haionekani kwa macho, mashine ndiyo inaihesabu. Na zile chembe nyekundu nazo akazipima kwa mtindo huohuo: akachota damu ya mama, akazitia alama yake, akamrudishia mwenyewe.

Mwalimu wetu wa Kemia alitumia vipindi vya wiki nzima kutufundisha myeyusho, akatuchapa na fimbo juu. Huyu katumia sufuria la juisi. Nilikasirika upya, ila hiyo ni kesi nyingine.

Mama alikuwa amepitiwa na usingizi kabisa, anakoroma. Alipoamshwa akaona haya. Kaka akampa chupa ya maji.

"Asante mwanangu," mama akasema, akaitia mkobani. "Nitakunywa nyumbani."

Majibu yangechukua siku kadhaa. Katika siku hizo ndiyo ikaangukia arobaini ya mtoto wa kule Kimara. Mtoto alishazaliwa salama, damu ikapatikana kwa watu baki, kidume kizito kama tofali. Mama alikuwa amemshonea kigodoro na mto, na jioni ile alikuwa kakaa mlangoni anamalizia pindo kwa mkono. Simu ikalia, akaiweka sauti ya nje aendelee kushona.

"Mdogo wangu," sauti ya mama mkubwa, "usinielewe vibaya. Mtoto ni mchanga."

"Hapana, nakusikia."

"Wewe una mionzi sasa."

"Dada, wamesema haina neno. Ni kidogo, inatoka yenyewe."

"Wamesema, wamesema. Mie nimetumiwa kwenye kundi, kuna mtu huko ulaya nywele zilitoka zote."

"Basi nitakaa uani na wapishi. Sitamshika mtoto."

"Wapishi ndio wanaogusa chakula, mama. Wewe pumzika tu. Tutakuletea pilau."

Mama akakaza uzi. "Haya, dada. Mungu amkuze." Akakata simu, akaendelea na pindo. Sindano ikawa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka.

Pilau ikaja kesho yake na bodaboda. Sasa nieleze kitu ambacho kila mtu wa pwani anakijua. Shughuli ikipita, ndugu huletewa chakula kwenye hotipoti. Hotipoti lazima lirudi, na halirudi tupu, linarudi na vitumbua, au ndizi, au hata sukari kilo moja. Hotipoti la mama mkubwa na letu yamekuwa yakipishana njiani tangu sijazaliwa. Safari hii pilau ilikuja kwenye vile vyombo vya bati jepesi vinavyotupwa. Maana yake mtu haitaji kuandika: kitu kilichoingia nyumba ile kisirudi hapa.

Mama alikula. Akasema imeiva vizuri.

Mie nilikiosha kile chombo. Nikakisugua kwa jivu na limao mpaka kikapata hadhi ambayo kiwandani hawakukipa. Nikakifunga kwenye kanga ya mama yenye maneno, sitayataja, nikachukua na kigodoro, nikaenda Kimara. Shughuli ilikuwa ya siku mbili, niliwakuta kina mama bado wamejaa sebuleni kwenye mikeka. Nikaanza upande wa kulia, shikamoo, shikamoo, nashika mkono wa kila mmoja na kuubusu kwa adabu ambayo nyumbani haijawahi kuonekana. Wa mwisho mama mkubwa. Alinipa ncha za vidole.

"Mama anasema asante sana, pilau ilikuwa tamu," nikasema kwa sauti ya kusoma taarifa. "Nimewaletea chombo chenu."

"Hicho si cha kurudisha. Hicho kinatupwa."

"Ah, mama mkubwa. Sie hatutupi chombo cha watu. Tuliogopa msije mkakihitaji."

Bibi mmoja akajificha kwenye upande wa kanga yake, mabega yanacheka. Nikakaa. Waliokuwa karibu yangu wakakumbuka kuwa kule dirishani kuna upepo. Nikapiga chafya, mkeka mzima ukahama. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mie nalala na mama kitanda kimoja, ingekuwa naambukiza basi darasa letu zima lingekuwa linawaka na shule ingefuta bili ya umeme.

"Mtoto huyu hana haya," mama mkubwa akasema.

"Hana," nikakubali. "Haya zote alizibeba mama."

Ndipo binti yake, mzazi mwenyewe, akatoka chumbani na mtoto, akapita katikati ya wote, akanipakatisha mapajani. "Mwacheni," akasema. "Mama yake ndiye ndugu pekee aliyekuja kunitolea damu." Mtoto alinukia mafuta ya nazi. Akanikojolea. Sikujali, nilimshika mpaka mama mkubwa akaacha kunitazama.

Majibu tulikwenda kuyachukua siku ya shule, nikaingia nimevaa sare na soksi zangu za vumbi. Daktari akafungua karatasi zake kwa upole uleule wa msibani, nikatamani kumtingisha.

"Mama, chembe zako nyekundu ziko sawa kabisa. Hazijaongezeka. Kilichopungua ni maji. Plazma yako iko chini sana."

Mama akanishika mkono. "Siyo saratani?"

"Hapa sioni saratani."

Alinibana vidole mpaka vikakosa hiyo damu yenyewe, machozi yakamtoka bila sauti. Mie nikaangalia kalenda ukutani, maana mtu akianza kulia karibu yangu najisikiaga vibaya.

"Sasa niambie," daktari akasema. "Unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Saa ngapi?"

"Nikirudi nyumbani."

"Na mchana?"

"Mchana nipo kazini."

Alisema hivyo kama jibu limekamilika. Daktari akamtazama. "Kazini hakuna maji?"

"Maji yapo. Choo ndiyo taabu."

"Hakuna choo?"

"Kipo. Kina ufunguo."

Na hapo, huku anaangalia miguu yake, mama akaeleza jambo ambalo mie, mwanawe, nililala naye na kuamka naye bila kulijua. Pale bandani wanawake ni yeye peke yake. Choo kipo nyuma, kinafungwa, na ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ubao wa mninga kirefu kama mkono ili usipotee, unaning'inia nyuma ya kiti cha mwenye banda. Fundi mwanamume hana habari nao, anaishia ukutani. Mwanamke akitaka, aende akaombe mbele ya watu, avuke banda zima amebeba ule ubao. Na wakimwona ameubeba, wale vijana huanza kugonga nyundo kwenye mbao, ko, ko, ko, kwa kufuata hatua zake, mpaka mlangoni. Akitoka, wanamrudisha kwa nyundo vilevile. Ni utani wa kazini tu, wakisema. Mama alisindikizwa hivyo mara chache za mwanzo, halafu akapata dawa yake: hanywi kitu tangu asubuhi hadi anaporudi. Ameshazoea, akasema. Hata kiu haisikii tena.

"Na miguu hii?" daktari akauliza.

"Inavimba kwa kukaa. Ila dada yangu hunigawia vidonge vyake. Vile vya kukojoza, vya presha. Nameza nikishafika nyumbani, choo kiko karibu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, si nilikuuliza kama unatumia dawa?"

"Hizo si dawa, daktari. Ni za dada."

Siku nyingine ningecheka nikagaagaa. Siku ile sikuweza. Kwa hiyo mchana mama hanywi, na usiku anameza vidonge vya kutoa hata kile kidogo alichokunywa. Na mwenye vidonge ndiye yuleyule aliyemwona mama ana mionzi ya kuua mtoto. Nchi za watu zimetengeneza protini, zikaitia iodini, ikapanda ndege ikavuka bahari, ikateremshwa na kuandaliwa na wataalamu, ikaingia mshipani mwa mama yangu, ikazunguka mwili mzima, kuja kutuambia kwamba vijana wa Keko hawana adabu. Nashukuru ilikuja. Bila kile kipimo hadi leo tungekuwa tunaogopa saratani. Lakini niambieni kama hiyo siyo aibu.

Vidonge aliacha siku ileile. Mama mkubwa alipopigiwa simu akasema, "Mie nilikuwa namsaidia," kisha akasema mtandao unasumbua.

Jumamosi nikaenda na mama Keko. Hakuniita, nilijipeleka, nimebeba dumu la maji ya kunywa begani kama mchotaji, nikalitua kando ya cherehani yake, puu. Mafundi wakageuka. Mama akatoa kikombe, akakung'uta unga wa mbao kwenye kiti, akakaa. Akanywa kikombe. Akashona. Akanywa kingine. Mie nilikaa juu ya kochi lisilovalishwa, najifanya nasoma Baiolojia, nasubiri kuona.

Haikuchukua muda mrefu. Mama akainuka, akatengeneza mtandio, akaenda hadi mbele ya mwenye banda, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufumwa.

"Naomba ufunguo."

Akampa bila kumtazama. Mama akageuka na ule ubao mkononi, na fundi mmoja kijana, aliyejichora mkufu shingoni kwa wino, akaanza. Ko. Ko. Wengine wakadakia. Nikafunga kitabu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kutosha kufukuzwa shule tatu.

Mama akasimama katikati ya banda. Akamgeukia yule kijana.

"Piga vizuri, mwanangu," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Daktari kaniambia ninywe kutwa nzima. Nitapita hapa mara nyingi, sijui kama hayo makochi mtayamaliza."

Mtu mmoja akacheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha kumcheka mama. Nyundo zikagonga mbili tatu za kukosa mwelekeo, zikaacha. Mama akaenda kimyakimya, akarudi kimyakimya. Ila hakurudi kwa mwenye banda. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye cherehani, akaning'iniza ule ufunguo kwenye msumari ubavuni mwa meza yake.

"Dada mshonaji," mwenye banda akaita, "ufunguo unakaa huku."

"Umekaa huko miaka yote, mzee wangu. Nusura nitibiwe saratani isiyokuwepo."

"Saratani inahusiana nini na choo?"

"Kaa chini nikueleze," nikaanza mie, na mama akanikanyaga.

"Na mafundi wakiutaka?" mzee akauliza.

"Waje waombe. Mie sina nyundo."

Mzee alifungua mdomo, akatazama mafundi, akatazama oda ya makochi ambayo bila mama ingebaki mbao na sponji, akaufunga. Hakuna aliyesema samahani. Nilingoja mpaka kitabu kikaniishia. Sikuisikia hata ya kunong'ona, na nina masikio makubwa.

Wakala mchana, wali na maharage, na maharage ya yule mama ntilie hayana huruma. Muda kidogo baadaye yule kijana wa mkufu akaja akasimama kando ya cherehani, mguu mmoja umeupanda mwingine. Kuna mambo ukuta hauwezi kukusaidia.

"Ufunguo," akasema.

Mama hakusikia. Cherehani ina kelele.

"Mama. Ufunguo."

"Unasemaje?"

Akabadilisha mguu. "Shikamoo, mama. Naomba ufunguo wa choo."

"Marahaba, mwanangu. Subiri nimalize pindo hili."

Pindo lilikuwa la kochi la watu saba. Mama akajimiminia kikombe kingine cha maji, akanywa taratibu, akakanyaga cherehani.